Tusijenge Nyumba za Giza Katika Nchi ya Chai

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Oktoba, wakulima wadogo wa majani chai katika Kericho na Bomet hupokea malipo yao ya pili, ambayo wenyewe huyaita bonasi. Fedha hizo hulipa karo na madeni, na kinachosalia huelekezwa kwenye ujenzi. Kutoka Litein hadi Mogogosiek, na kutoka Kapkatet hadi Silibwet, malori ya mchanga na mawe huonekana yakipanda vilima, na mabati mapya yakimetameta katikati ya mashamba. Hilo ni jambo la kujivunia.

La kusikitisha ni kwamba katika mipango ya ujenzi huo kila kitu huhesabiwa isipokuwa kimoja, nacho ni mwanga wa jua. Mwenye nyumba huhesabu mawe, mifuko ya saruji, misumari na ujira wa fundi. Mwanga haununuliwi, kwa hiyo hakuna anayeuhesabu, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kosa kubwa hutendeka wakati wa kuongeza chumba. Familia hukua, chumba kipya kikabandikwa ubavuni mwa nyumba ya zamani, au baraza ikazungushiwa ukuta. Dirisha lililokuwa likitazama shamba sasa latazama chumba kingine. Sebule hugeuka shimo, na taa huwashwa saa nane mchana ili mtoto aweze kusoma. Mwenye nyumba amepata chumba kimoja na kupoteza kimoja. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia tuzibe dirisha.

Hali ya anga ya nchi hii yalifanya jambo hili liwe zito zaidi. Kericho iko kwenye kimo cha takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu miezi yote. Asubuhi mara nyingi huwa kweupe, lakini ifikapo alasiri mawingu hukusanyika kutoka upande wa Ziwa Viktoria, na mvua ya mawe si ajabu. Kwa hiyo jua la nchi ya chai ni jua la asubuhi. Chumba chenye dirisha la mashariki hupata joto na kukauka kabla mawingu hayajafunga. Chumba kinachotegemea magharibi peke yake husubiri jua ambalo siku nyingi halifiki.

Tena tuko karibu mno na ikweta, chini ya nyuzi moja upande wa kusini. Kuanzia karibu na mwisho wa Machi hadi karibu na mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri huwa kaskazini mwetu. Nusu ya mwaka iliyosalia huwa kusini. Michoro ya nyumba iliyobuniwa kwa ajili ya Ulaya, ambako jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima, haitufai ikinakiliwa kama ilivyo. Kwetu sisi upande wa kaskazini si upande wa giza.

Kupima mwanga hakuhitaji mitambo ya ghali. Kabla ya kuchimba msingi, mwenye kiwanja na asimame hapo saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi alasiri, apigilie vigingi mahali kinapofika kivuli cha mkaratusi, cha kilima au cha nyumba ya jirani. Katika chumba kilichokwisha kujengwa, na aketi pale atakapofanyia kazi: asipoona hata kipande cha anga kupitia dirishani, mahali hapo patakuwa na utusitusi daima. Kwa kadirio la kawaida, mwanga wa kutosha huingia ndani kiasi cha mara mbili ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha. Dirisha linaloishia mita 2 kutoka sakafuni litaangaza mita 4 hivi. Ndiyo sababu dirisha lililoinuka lina faida kuliko pana lililokaa chini.

Wako watakaosema kwamba kwetu ni baridi, na kwamba dirisha kubwa hukaribisha baridi na wezi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini baridi huzuiwa na kioo kilichokaa sawasawa, na wezi huzuiwa na vyuma, na gharama hizo hulipwa mara moja. Giza hulipiwa kila siku, kwa umeme na kwa afya. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kwamba amegundua kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1890 alieleza kwamba jua la moja kwa moja hukiua. Kioo huzuia sehemu ya miale hiyo, kwa hiyo dirisha lisilofunguka ni nusu ya dirisha. Katika jiko la kuni, dirisha hilo hilo ndilo hutoa moshi unaoumiza vifua vya akina mama na watoto.

Mijini suala hili huwa la haki. Ghorofa ikiinuliwa mpakani kabisa mwa kiwanja, humfungia jirani mwanga wake. Sheria ya Kenya haikunyamaza. Kifungu cha 32 cha Sura ya 22, sheria ihusuyo muda wa kufungua mashtaka, chasema kwamba mwanga na hewa ambavyo jengo limefaidi kwa amani, waziwazi na bila kukatizwa kwa miaka 20, huwa haki kamili. Lakini mpangaji ambaye dirisha lake lilitazama ukuta tangu siku ya kwanza hana miaka 20 ya kudai. Kinga yake ni kabla ya ujenzi.

Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inamtaka mjenzi apate kibali cha serikali ya kaunti. Twazihimiza serikali za Kericho na Bomet zisitoe kibali mpaka mchoro uonyeshe kila chumba cha kulala na kila jiko litapata wapi mwanga, na jirani atabakiwa na kiasi gani. Mafundi nao wasingoje kuulizwa. Wao ndio wanaoona kosa kabla ya mwenye nyumba.

Ukuta ukishasimama, kuubomoa ni gharama inayoweza kumeza bonasi ya mwaka mzima. Vigingi vichache na siku moja ya kutazama vivuli havigharimu kitu. Wakulima wetu na waanzie hapo, kabla lori la kwanza la mchanga halijafika.