Mmemchubua Bibi Harusi!
Mwezi huu nimegombana na mpiga picha wetu. Kaniletea picha ya harusi, bibi harusi kageuka mzungu! Kumbe aliona uso una giza, akaongeza mwanga picha nzima. Nakshi za shela zote zikaungua. Jamani, huko si ndiko kuchubuana?

Nikadai picha ya mwanzo, nikafungua Photoshop, kwenye Levels. Pale weusi kabisa ni 0, weupe kabisa 255. Vishale vya pembeni sikuvigusa. Cha katikati nikakisogeza kushoto, kidogo tu. Uso ukafunguka, rangi yake ya chokoleti ikabaki, maua ya shela yakaonekana. Mama mtu akashusha pumzi: “Haya, huyu ndiye mwanangu.” Mpiga picha bado kaninunia.