Mpeni Msanii Nota Zake

Studio nyingi za mikoani humalizana na msanii kwa namna moja. Wimbo ukikamilika, analipa, anarushiwa MP3 kwenye simu au anawekewa kwenye flashi, wanaagana. Mimi nasema msanii huyo hajapewa wimbo wake wote. Nota zake zimebaki ndani ya kompyuta ya prodyuza, na mara nyingi hazipo hata humo, kwa sababu biti imejengwa kwa lupu ambazo hakuna aliyewahi kuzifungua na kuzigeuza nota.

Narekodi katika chumba kimoja hapa Magole, karibu na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Malori hupita mchana kutwa, kwa hiyo vokali tunazirekodi usiku. Wateja wangu ni kwaya, vijana wa Bongo Fleva na singeli, na mara chache wazee wa ngoma wanaoshuka kutoka upande wa milima ya Ukaguru. Kwa wote hao nimeona shida ileile.

Lupu ni kipande cha muziki cha baa mbili au nne kinachojirudia. Vijana huzishusha mtandaoni kwa mamia: gitaa limeshapigwa, ngoma zimeshapangwa, kazi yako ni kuburuta na kuweka. Sina ugomvi na jambo hilo. Ngoma za "Umbrella", wimbo wa Rihanna wa mwaka 2007, zilitoka kwenye lupu ya GarageBand, programu ya kampuni ya Apple, na dunia nzima iliucheza. Hata FL Studio, programu iliyoenea kwenye studio zetu, ilitoka Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops. Ugomvi wangu ni na lupu inayoachwa imefungwa, ikawa yenyewe ndiyo inayomwamuru mwimbaji.

Mwalimu mmoja wa kwaya alikuja na wimbo mpya na biti aliyotengenezewa kwingine. Soprano walikuwa wanakabwa, kii ilikuwa juu mno kwao. Gitaa na besi vilikuwa lupu za sauti, na nilipozishusha semitoni tatu gitaa likawa zito, kama limefunikwa blanketi. Nikaamua kuiandika besi upya kwa nota, na gitaa vilevile. Baada ya hapo kushusha kii ikawa kazi ya vidole viwili: unazichagua nota zote, unashika Shift, unabonyeza mshale wa chini mara tatu. Sauti ya ala inabaki safi kwa sababu ala inapigwa upya, haivutwi.

Mwalimu alikuwa bado ameinama kwenye skrini. Akaniuliza kwa nini besi inakaa kwenye doh pale ambapo alto wanashika la. Yeye kwenye karatasi yake alikuwa ameandika fa. Nikaikamata ile nota moja kwa mausi, nikaipandisha kutoka doh hadi fa, tukasikiliza. Kwaya nzima ilitulia juu ya besi ile. Mwalimu yule hajawahi kumiliki kompyuta, lakini anasoma d, r, m tangu utotoni, na siku hiyo alikuwa mtunzi ndani ya studio, si mteja wa kusubiri kuambiwa.

Kufungua lupu kuna njia mbili, na vijana wengi huzichanganya. Kama mpangilio ulitengenezwa ndani ya programu yenyewe, kwa vile vitufe vya hatua kumi na sita, basi nota zipo tayari. Kwenye FL Studio unabonyeza upande wa kulia wa mausi juu ya ala husika, unaupeleka mpangilio kwenye ukurasa wa nota, ule wenye kinanda kilichosimama wima kushoto, na kila pigo linakuwa kijiti unachoweza kukirefusha, kukisogeza au kukifuta.

Lupu iliyorekodiwa kama sauti ni habari nyingine, maana hapo programu inabidi ikisie nota. Programu ya Ableton Live ilileta amri za kazi hiyo kwenye toleo lake la tisa, mwaka 2013: moja ya melodia, moja ya hamonia, moja ya ngoma. Mwaka 2022 Spotify wakatoa Basic Pitch, inayofanya kazi hiyo bure kwenye kivinjari cha intaneti, kwa hiyo hata asiye na programu ya kununua anaweza kujaribu. Lakini msiamini kila kijiti kinachotokea. Uzi wa gitaa ukipigwa unatoa pia sauti ndogo ndogo za juu yake, na programu huziandika nazo kama nota kamili. Kusafisha kunataka sikio.

Linalonisumbua zaidi ni muziki wetu wenyewe. Ukiifuata barabara hii hadi Dodoma unafika kwa Wagogo, kwao mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 akiwa amezifikisha ala za ilimba na zeze kwenye majukwaa ya Ulaya. Ngazi ya sauti ya Wagogo inafuata sauti za asili zinazojitokeza juu ya sauti moja ya msingi. Mojawapo iko chini ya nota ya kinanda kwa karibu theluthi ya semitoni, na humo ndimo ladha yake ilimo. Programu, ikiachwa ifanye itakavyo, inaisukuma hadi kwenye nota ya kinanda iliyo karibu. Tiba ipo: midi, yaani mfumo wa kompyuta wa kuandika nota, ina amri ya kupinda sauti, na prodyuza anayejua anairudisha nota mahali pake kwa mkono.

Ngoma nazo huumia hivyohivyo. Nyingi hutembea kwa tatu ndani ya mbili, wakati kompyuta imejipanga kwa nne nne. Ukibonyeza kitufe cha kunyoosha, kila pigo linaruka kwenye mstari. Nilimsikilizisha mzee mmoja pigo lake lililonyooshwa, akasema hiyo si ngoma yake. Nikaziachia nota zikae nje ya mstari, mahali mkono wake ulipozipiga, akaanza kutikisa bega. Tangu hapo siitupi rekodi ya asili hata nikishapata nota, na jina la mzee naliandika kwenye kazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda pia sanaa za jadi. Wala kunakili nota za lupu ya mtu bila kuzibadili hakukufanyi uwe mtunzi.

Mkoa huu wa Morogoro ndio uliomlea mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe kwenye bendi ya Morogoro Jazz kabla hajaunda Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1979 na nyimbo zake tunazo. Lakini kijana anayetaka kujua gitaa la rithimu lilijibu nini pale solo ilipouliza, inabidi achimbe kwa sikio ndani ya rekodi ambayo kila kitu kimeshikamana. Mbaraka na wenzake hawakuwa na njia nyingine ya kuhifadhi muziki wao. Sisi tunayo tangu mwaka 1983, midi ilipoanza, na bado tunawaachia wasanii wetu rekodi iliyofungwa vilevile.

Wala si mzigo. Dakika moja ya sauti safi ya studio ni kama megabaiti 10, wakati nota za wimbo mzima ni kilobaiti chache tu, unazituma kwa WhatsApp bila bando kushtuka. Kompyuta ikiungua umeme unaporudi kwa kishindo, wimbo unaweza kujengwa upya.

Maprodyuza wenzangu huniambia msanii akipewa nota atazipeleka studio nyingine. Aende nazo. Nota za kwaya zimekuwa zikitembea parokia hadi parokia miaka yote, na walimu waliozitunga wanaendelea kualikwa kwa majina yao. Nawaomba wasanii wa Kilosa, Dumila, Mikumi na kwingineko wayaandike haya kwenye makubaliano kabla ya kutoa hela ya kwanza: faili la midi la kila ala, vokali peke yake bila biti, kasi ya wimbo na kii yake, na orodha ya lupu zilizotumika na zilikotoka.