Jiliwa la Marehemu Si Chuma cha Kilo



Juma hili twataka kuzungumza juu ya chombo ambacho huenda kimo katika banda la nyuma ya nyumba yako, kimefunikwa gunia, nawe wakipita kila siku uendapo kuanika nguo. Ni jiliwa, ambalo mafundi wetu wengi huliita vaisi: chuma kizito chenye taya mbili, kinachofungwa juu ya meza ya kazi ili kushika kitu kisichezecheze wakati kinapokatwa, kinapopigwa tupa au kinapotobolewa.

Lililotusukuma kushika kalamu ni jambo lililotokea mtaani kwetu. Alifariki baba mmoja aliyekuwa fundi wa mitambo, akaacha mjane na mabinti wawili wadogo. Mjane akiwa ndani ya eda, jamaa wa kiume walijitolea kusafisha karakana ya marehemu. Akapita kijana wa mkokoteni anunuaye vyuma vikuukuu. Jiliwa likapandishwa mizani: kilo 26, kwa shilingi 35 kila kilo, likatoka kwa shilingi 910. Haikutimia wiki, fundi mmoja wa gereji akalinunua jiliwa lile lile kwa mwenye mizani kwa shilingi 6,000, na akaona amepata bahati. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alidhani atenda wema. Lakini mali ya mayatima ilipungua kwa zaidi ya shilingi 5,000, kwa sababu ya kutojua tu.

Basi na tujue.

Jiliwa ni mkono wa tatu wa fundi. Taya moja imetulia, na ya pili husukumwa na parafujo nene inayozungushwa kwa mpini. Mwili wake kwa kawaida ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, na usoni mwa taya hufungwa vibamba vya chuma cha pua vyenye meno. Chuma cha kumimina hubeba mzigo mkubwa na hutuliza mtikisiko wa nyundo, lakini kina tabia moja ya kukumbukwa: hakipindi. Kikizidiwa, au kikiangushwa sakafuni, hupasuka kama chungu.

Sisi watu wa pwani twajua kuithamini tezo na keekee ya fundi wa majahazi, kwa kuwa ni urithi wetu wa kale. Majiliwa mengi ya chuma yaliyomo katika karakana zetu yalikuja kwa njia nyingine. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilihitaji karakana, bandari ilihitaji karakana, na karakana haiwi karakana bila jiliwa. Kwa kuwa nchi ilikuwa chini ya Waingereza, vyombo vingi vilitoka kwao. Ndiyo maana ukikwangua vumbi ubavuni mwa jiliwa la babu waweza kuliona jina la Record, alama ya kiwanda cha C. & J. Hampton cha mji wa Sheffield, ambacho majiliwa yake yanajulikana kwa rangi ya buluu. Au waweza kuliona jina la Parkinson wa Shipley, katika jimbo la Yorkshire, ambaye majiliwa yake yalipata sifa kwa kishikio kidogo kinachoiachilia parafujo, hata taya ikavutwa kwa mara moja bila kuzungusha mpini mara nyingi.

Huko Uingereza na Marekani wako watu ambao kazi yao, au starehe yao ya mwisho wa juma, ni kuyatafuta majiliwa ya zamani, kuyasafisha na kuyauza. Huyafuata katika minada ya nyumba za marehemu, mahali pale pale ambapo sisi huyatupa. Wamarekani huyatafuta ya Charles Parker wa Meriden, Connecticut, na ya Reed wa Erie, Pennsylvania. Lakini lipendwalo mno ni la Wilton, kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1941 na Hugh Vogl, mhamiaji kutoka Chekoslovakia. Parafujo yake imefichwa ndani ya mwili wa mviringo wenye ncha kama ya risasi ya bunduki, hivyo vumbi na chembe za chuma haziifikii. Chini ya taya yake inayotembea huwa pamegongwa mwezi na mwaka, na wengi hudhani ni tarehe ya kuzaliwa kwake. Katika mengi ya majiliwa hayo, tarehe hiyo ni ya kumalizika kwa dhamana ya miaka 5. Muuzaji asiyejua hilo hulikosea umri wake.

Turudi nyumbani. Ukilikuta jiliwa la zamani, hatua ya kwanza ni kulichunguza kabla ya kulisafisha. Tazama panapokutana taya na mwili, tazama kitako na matundu ya kufungia mezani: hapo ndipo nyufa hukaa. Ligonge taratibu kwa nyundo ndogo. Kina mama hatuhitaji kufundishwa jambo hili, kwani ndivyo tunavyoijua sahani nzima na sahani yenye ufa tukiwa dukani. Kisha zungusha mpini. Ukizunguka sana kabla taya haijasogea, meno ya parafujo au ya nati yake yameliwa. Tazama pia iwapo vibamba vya taya vipo, na iwapo kuna mahali pamechomelewa. Mwisho, tafuta jina na namba, uandike, upige picha.

Kutu isikutishe. Kutu ya juu ni vumbi la kazi tu. Aliyewahi kung'arisha dele la shaba kwa ndimu na chumvi, au kwa ukwaju, ana nusu ya elimu hii mkononi, kwa sababu ni ile ile kazi ya uchachu kula uchafu wa madini. Kwa chuma, tumia siki. Fungua jiliwa vipande vipande, ukipiga picha kila hatua ili ujue kulirudisha. Ondoa grisi ya zamani kwa mafuta ya taa, nje ya nyumba na mbali na moto. Loweka vipande katika siki kwa siku moja, vitoe, visugue kwa brashi ya waya. Usivisahau humo kwa siku nyingi, maana siki ikimaliza kutu hugeukia chuma chenyewe. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua uchachu, anika juani vikauke kabisa, kisha vipake mafuta papo hapo. Chuma kilichotoka kuoshwa, kwa hewa yetu ya bahari, hushika kutu mpya kabla adhana ya pili haijafika.

Wengine hutumia umeme wa chaja ya betri ya gari: kipande chenye kutu huning'inizwa ndani ya maji yenye magadi, aina ile ile tunayoipata Ziwa Magadi, na kando yake kipande kingine cha chuma cha kawaida. Njia hii ni nzuri, lakini ni ya mtu mzima anayeuelewa umeme. Hutoa hewa iwezayo kulipuka, kwa hiyo hufanywa uwanjani tu. Usibadilishe magadi kwa chumvi, kwani hutoka gesi ya klorini ambayo ni sumu. Wala usitumie kijiko au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kwani maji yake huwa sumu pia.

Kuna hatari nyingine ambayo twaisisitiza kwa wenye watoto. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Ukiikwangua rangi hiyo kavu kwa msasa, vumbi lake huingia katika pumzi, katika nguo na katika mkeka anaotambaa mtoto. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara yake hayaondoki kwa dawa ya siku mbili. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano: yaliyowafika wakaazi wa Owino Uhuru kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri yalifika hadi mahakamani. Basi rangi ya jiliwa la zamani iloweshwe kabla ya kukwanguliwa, kazi ifanywe mbali na watoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Ikiwa rangi bado imeshika vizuri, iacheni. Wanaoyapenda majiliwa ya kale huipenda rangi ya asili kuliko rangi mpya inayong'aa.

Hapo twafika sokoni, na hapa ndipo mtihani ulipo. Jiliwa lina bei tatu. Ya kwanza ni ya kilo, bei ya chuma kilichokufa. Ya pili ni bei ya kazi, atakayoitoa fundi wa jua kali au gereji anayetaka chombo kitakachomdumu. Ya tatu ni bei ya mpenzi wa vitu vya kale, nayo hutegemea jina, umri na ukamilifu. Kwa kuwa uzito wake hufanya usafirishaji kuwa ghali, mnunuzi wa kweli kwa wengi wetu ni yule wa pili, tena wa karibu.

Lakini yuko muuzaji anayeujaza ufa kwa puti, akapaka rangi mbili juu yake, akaliita jiliwa zima. Tulio katika biashara tunaijua hukumu ya kuficha aibu ya bidhaa, wala hatuna haja ya kuikariri. Twaongeza tu kwamba katika chombo hiki aibu iliyofichwa haiishii mfukoni. Fundi atakaza mpini kwa nguvu zake zote, kichuma kitapasuka, na mkono wake utakuwa karibu. Ufa wa chuma cha kumimina waweza kulehemewa kwa shaba na fundi hodari, nalo jiliwa likatumika tena kwa kazi nyepesi. Hilo si aibu. Aibu ni kunyamaza.

La mwisho ni la wenye msiba. Vyombo vya marehemu ni mali yake kama ilivyo nyumba na akiba, navyo vyaingia katika mirathi. Kabla ya kuuza hata nyundo, viandikwe kimoja kimoja. Waulizwe mafundi wawili ambao si wanunuzi. Eda haimzuii mjane kuuliza, kwani picha ya simu hufika mahali asipofika yeye. Na kijana wa mkokoteni aambiwe arudi mwezi ujao. Chuma kilichokaa miaka 50 hakiozi kwa siku 30.

Katika nyumba ile tuliyoitaja lilibaki jiliwa la pili, dogo, chini ya meza. Mjane mwenyewe aliliosha kwa siki, na binti yake mkubwa akalisoma jina la Record lilipojitokeza. Kitakoni lilikuwa na ufa mfupi. Mnunuzi alipokuja, mama alimwonyesha ufa ule kabla hajauliza bei. Akapunguziwa shilingi 500, akalipa 3,000, akalichukua. Binti akaziandika katika daftari la mirathi kwa kalamu yake ya shule.