Mfumo Hauangushwi na Kidole Kimoja

Mifumo ya kompyuta inapoanguka, imani iliyoenea ni kwamba kuna mtu amezembea. Mteja dirishani mwa benki huambiwa mtandao unasumbua. Kule ndani meneja anauliza nani kagusa nini. Akishajulikana, huandikiwa barua ya kujieleza, mara nyingine hufukuzwa, na shauri huhesabiwa limekwisha. Imani hiyo ni potofu, na huidhoofisha mifumo ileile inayodhaniwa kulindwa kwa adhabu.

Msimamizi wa mifumo ndiye anayeziweka seva hai. Hufungua na kufunga akaunti za watumiaji, huweka masahihisho ya usalama, hupanga nakala za akiba, huchunga diski zisijae, na huamshwa usiku wa manane simu ya tahadhari inapolia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ila vya msimamizi huyu, siku vinapoelea vizuri, hakuna anayejua kwamba vina mwundaji. Chombo chake kikuu ni dirisha la maandishi matupu. Kwa SSH, programu iliyobuniwa na Tatu Ylönen huko Finland mwaka 1995, anaingia katika seva iliyo bara jingine na kuiamuru kana kwamba ameketi mbele yake. Anaweza kuwa amefungua madirisha kadhaa, kila moja na seva yake, yote yakifanana. Kinachoyatofautisha ni jina fupi mwanzoni mwa mstari. Katika Linux, amri ya rm ikitolewa kwa mamlaka ya juu kabisa na kuongezewa herufi r na f, hufuta folda na kila kilichomo bila kuuliza swali, na hakuna pipa la taka la kwenda kuokotea kilichopotea. Anayelaumu kidole ana deni la kueleza kwanza kwa nini kidole hicho kiliachwa peke yake mbele ya zana kali namna hiyo.

Kisa cha GitLab kinaonyesha jambo hili kuliko kingine chochote. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni hiyo inayohifadhi kazi za waandishi wa programu alikuwa akihangaika na hifadhidata ya pili iliyoshindwa kwenda sambamba na ile kuu. Alikusudia kufuta folda ya data kwenye seva ya pili ili aanze upya. Akaifuta kwenye seva kuu. Majina ya seva hizo mbili yalitofautiana kwa tarakimu moja. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili na kuikatisha amri, lakini katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5.

Wapenda lawama huishia hapo. Ukweli wenye uzito unaanzia hapo. Kampuni ilikuwa na njia 5 za kunakili na kuhifadhi data, na hakuna hata moja iliyokuwa tayari kutegemewa. Nakala ya kila siku ilikuwa ikishindwa kutengenezwa, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikataliwa zikiwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Mahali nakala zilipopaswa kurundikana palikuwa patupu, na hakuna aliyewahi kwenda kuzifungua ili kuhakikisha zipo. Hayo hayakufanywa na kidole cha usiku ule.

Kilichoiokoa kampuni ni nakala iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla ya ajali, kwa mkono, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Aliyeichukua ni mhandisi yuleyule. Huduma ilirejea baada ya takriban saa 18, ikiwa imepoteza miradi, maoni na akaunti za saa hizo 6 tu. GitLab iliandika ripoti ya wazi, ikaonyesha ukarabati wake moja kwa moja kwenye YouTube, na haikumfukuza mtu. Ilifanya sawa.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Februari 2017, huduma ya kuhifadhi data ya Amazon iitwayo S3 ilizimika kwa saa 4 hivi katika vituo vyake vya Virginia, Marekani. Mfanyakazi mwenye ruhusa alikuwa akifuata mwongozo uliokubaliwa, akakosea kigezo kimoja, na zana ikaondoa seva nyingi kuliko alizokusudia. Amazon ilibadilisha zana: sasa inaondoa seva polepole, na inakataa kushuka chini ya kiwango ambacho huduma inakihitaji.

Watetezi wa adhabu watasema wazembe wapo. Ni kweli, na anayevunja utaratibu kwa makusudi au kuuza nywila anastahili kuwajibishwa. Lakini mchovu aliyeitwa usiku hawi mzembe kwa kukosea tarakimu. Binadamu wote hukosea tarakimu. Anayefukuzwa kwa kosa hilo huondoka na ujuzi wa namna lilivyotokea, na mrithi wake anakabidhiwa madirisha yaleyale yanayofanana. Waliobaki nao hujifunza kuficha. Diski iliyokaribia kujaa haitajwi, na amri iliyokosewa kidogo hufutwa kwenye kumbukumbu kabla mkubwa hajaiona. Ofisi ya namna hiyo hupata habari za ugonjwa siku ya mazishi.

Hatua zinazofaa zinafahamika, na nyingi hazigharimu fedha. Mstari wa seva inayohudumia wateja unaweza kupakwa rangi nyekundu ili usichanganywe na wa majaribio. Mabadiliko makubwa yanaweza kuandikwa kwanza katika Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko, yakasomwa na jicho la pili, kisha Ansible, programu ya kuamuru seva nyingi, ikayatekeleza kwenye seva chache kabla ya zote. Nakala ya akiba irejeshwe kwenye seva tupu kwa ratiba, kwa kuwa nakala isiyowahi kurejeshwa ni dhana tu. Zamu ya usiku igawanywe. Na ripoti ya ajali itaje cheo cha aliyetoa amri bila jina lake, ieleze alichokiona kwenye skrini dakika ile na kwa nini kilionekana kwake kuwa sahihi, kisha itaje nani atarekebisha zana, na kufikia tarehe gani.