Kongo inaambiwa isiguse vinamasi, Ulaya inauza vyake kwenye mifuko

Huko Uingereza wako watu wengi wanaopenda kulima mimea inayokula wadudu, na wanailima inje, kwenye mabeseni nyuma ya nyumba. Mmoja hufunga jani lake kama mdomo pale inzi anapogusa nywele zilizo ndani mara mbili. Mwingine una majani marefu kama bomba. Mdudu akiteleza ndani, hatoki tena. Hiyo yote imetoka katika vinamasi vya Marekani. Ule wenye mdomo hauoti popote duniani kwa asili isipokuwa North Carolina na South Carolina, na kuuiba porini katika North Carolina ni kosa kubwa la jinai tangu 2014.

Wakongomani wasidhani ni mambo ya ngambo tu. Mimea ya namna hiyo, yenye majani madogo yanayonata kama asali, iko pia kwenye nyanda za juu za Katanga. Na juu ya mlima Rwenzori, upande wa Beni, yako majani laini yanayotanda chini kama godoro bichi. Wataalamu wanayaita sfagnamu. Yakikamuliwa yanatoa maji kama sponji, kwa sababu yanaweza kushika maji mara 20 ya uzito wao mkavu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliyakausha wakafungia vidonda vya askari.

Mimea hiyo inakula wadudu kwa sababu ya njaa. Udongo wa kinamasi hauna chakula, basi mmea unakitafuta hewani. Ndiyo maana mlimaji haruhusiwi kuweka mbolea, wala kumwagilia maji yenye chumvichumvi ya bomba. Anahitaji maji ya mvua, jua la mchana kutwa, na udongo maskini. Udongo huo maskini ndio wenye kesi.

Wengi wanaununua dukani ukiwa ndani ya mfuko. Unaitwa turba: ni mabaki ya majani ya kinamasi, hasa hiyo sfagnamu, yaliyolala ndani ya maji kwa karne nyingi bila kuoza. Turba inaongezeka karibu milimita moja kwa mwaka. Kwa hiyo meta moja ni kazi ya miaka 1,000. Mashine inakausha kinamasi, inakwangua juu, inapakia. Kaboni iliyokuwa imelala chini ya maji inakutana na hewa na kuanza kupanda angani, hata kama mfuko umeishia kwenye beseni la mmea mmoja wa kuonyesha wageni. Haki isemwe: wapenda mimea hao wanatumia sehemu ndogo. Sehemu kubwa inakwenda kwa wengine, yakiwemo makampuni makubwa ya maua, mboga na uyoga. Lakini mfuko ni uleule, na kinamasi ni kilekile.

Sasa tazameni tarehe. Tarehe 2 Novemba 2021, mjini Glasgow, Rais Tshisekedi na Boris Johnson, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, walitia mkono kwenye mapatano ya dola milioni 500 kwa miaka mitano ya kwanza, ili Kongo ilinde misitu na turba yake. Turba hiyo ni nyingi kweli. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba katikati ya bonde la Kongo, kwenye inchi zote mbili za Kongo, kuna kilometa za mraba 145,500 zake, zenye kaboni karibu tani bilioni 30. Haikutokana na sfagnamu bali na miti na mirafia ya msitu wenye maji, na imekuwa ikijijenga kwa zaidi ya miaka 10,000. Wakaaji wa kule wanavua samaki juu yake na kukata majani ya mirafia bila kuichoma wala kuikausha. Haikuhifadhiwa na mzungu yeyote.

Miezi tisa baada ya Glasgow, Agosti 2022, serikali ya London iliahidi kwamba kufikia 2024 mifuko ya turba haitauzwa tena kwa watu wenye bustani nyumbani. Mwaka 2024 ulifika ukapita. Sheria haikupitishwa. Mkongomani aliambiwa asiguse bonde lenye ukubwa unaozidi Uingereza yenyewe, na mwenye bustani alishindwa kuambiwa abadilishe mfuko mmoja.

Ujerumani nayo imekausha zaidi ya asilimia 90 ya vinamasi vyake vya turba, mashamba na malisho yakachukua nafasi. Hakuna aliyekuja kuwafukuza wakulima wake.

Na hapa ndipo jambo linapowagusa wahami. Familia iliyokimbia Masisi au Rutshuru ikalala chini ya hema kandokando ya Goma, juu ya mawe ya volkano, haina shamba, haina kuni. Mama akinunua makala yaliyotoka Virunga ili watoto wale maharagwe yaliyoiva, anaitwa mharibifu wa pori. Vikao vinafanyika juu yake, michoro inabandikwa, anafundishwa habari za hali ya hewa na watu wenye gari la kiyoyozi. Yeye anachoma kwa sababu hana njia nyingine. Mwenye bustani anayo njia nyingine, na anaijua.

Njia hiyo ni kuilima sfagnamu yenyewe ikiwa hai. Si ndoto. Vipande vidogo vya majani hayo vikitawanywa juu ya udongo wenye maji, vinachipuka. Kila kichwa kilichokatwa kinaweza kuwa godoro jipya. Kaskazini ya Ujerumani, mahali panapoitwa Hankhausen, tangu 2011 wanailima kwenye shamba lililokuwa malisho makavu: walirudisha maji, wakatawanya vipande, na baada ya miaka michache wanavuna juu na kuacha chini kuendelee. Mlimaji wa nyumbani anaweza kufanya vilevile ndani ya beseni. Mmea wa kula wadudu unaota vizuri sana ndani ya sfagnamu hai, kwa kuwa huko ndiko nyumbani kwake. Anachotakiwa kuwa nacho ni subira na pipa la kukingia maji ya mvua, na mvua Uingereza haikosi.

Wako watakaosema kwamba kuacha turba ni vigumu, kazi zitapotea. Ireland, kampuni ya serikali iliyokuwa ikichimba turba kwa ajili ya umeme ilitangaza Januari 2021 kwamba imeacha kuichimba moja kwa moja. Chile ilipitisha sheria ya kulinda turba 2024. Kama inawezekana huko, London na Berlin wanangoja nini?

Lakini unafiki wa Ulaya usiwe shuka la Kinshasa. Julai 2022, wino wa Glasgow ukiwa haujakauka, serikali ilitoa kwa mnada vitalu 27 vya mafuta, vingine juu ya turba hiyohiyo, vingine vikigusa Virunga. Oktoba 2024 mnada ukafutwa. Mwaka 2025 vikatangazwa vitalu 52 vingine, ndani ya bonde lilelile. Viongozi wanajibu kwamba Ulaya imetajirika kwa kuharibu, basi zamu ya Kongo imefika. Zamu ya nani? Muanda, huko pwani, mafuta yanachimbwa tangu miaka ya 1970, na hakuna mbunge anayeutaja mji huo kama mfano wa maisha mazuri. Mvuvi wa Equateur akiona mafuta juu ya maji yake, hatapanda ndege kwenda Glasgow kulalamika. Atafunga mizigo, na Kongo itakuwa na wahami wengine.

Wajumbe wa Ulaya wataendelea kuja Goma na Mbandaka, na mashirika ya kiraia yatakaa nao mezani kama kawaida. Kabla ya kufungua karatasi ya makala na kuni, waulizwe mfuko wa turba umeondolewa lini madukani kwao, kwa sheria ipi, yenye tarehe gani. Na wajumbe wa Kinshasa wanaokaa upande ule mwingine wa meza waulizwe ni vitalu vingapi kati ya vile 52 viko juu ya turba, na ni kijiji gani kilichoulizwa kabla ya ramani kuchorwa. Majibu yasomwe redioni, kwa lugha ambayo mama wa kwenye hema anaisikia.