Bei Ikishuka Baada ya Kununua: Ipi Haki, Ipi Hisani?

 

Ndugu Waislamu, tuchukue mfano wa mama mmoja wa hapa Dodoma. Amedunduliza fedha kwa miezi kadhaa, kisha akaenda katika duka moja karibu na soko la Majengo, akamnunulia binti yake cherehani kwa shilingi 350,000. Siku kumi baadaye anapita mbele ya duka lile lile na kukuta cherehani ya aina ile ile ikiuzwa shilingi 290,000. Moyo unamuuma, kwani shilingi 60,000 si fedha ndogo katika nyumba yake. Anaingia kudai arejeshewe tofauti ya bei. Muuzaji anamwonyesha maneno yaliyoandikwa chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Je, nani kati yao mwenye haki?

Msingi wa jambo hili umo katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, ambapo Mwenyezi Mungu ametukataza kuliana mali kwa batili, isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana. Mama na muuzaji waliridhiana kwa shilingi 350,000. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kuwa wenye kuuziana wana hiari maadamu hawajaachana. Wakishaachana, mauzo yamethibiti, isipokuwa pana sharti walilowekeana au kasoro iliyojitokeza katika mali. Kushuka kwa bei si kasoro ya cherehani. Cherehani ni ile ile na inashona vile vile. Kilichobadilika ni soko. Kwa hiyo, kwa upande wa haki, mama huyu hana dai.

Huenda msomaji akaona hukumu hii ni nzito. Basi na tuigeuze sarafu upande wa pili. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Wakati wa mavuno mkulima anahitaji fedha za ada, matibabu na madeni, naye huuza mahindi au alizeti yake kwa bei ya chini. Magunia hayo hupita soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, na mengine huwekwa ghalani. Ifikapo Januari au Februari chakula kinakuwa haba na bei inapanda. Je, ni nani miongoni mwetu, aliyenunua gunia wakati wa mavuno, aliyewahi kurudi kijijini kwa mkulima yule na kumwongezea tofauti? Ikiwa bei inapopanda tunasema hiyo ni riziki yetu, kwa uadilifu gani inaposhuka tuseme hiyo ni hasara ya muuzaji?

Lakini wapo waja wema waliorudi. Imepokewa na Tabarani kuwa sahaba Jarir bin Abdillah (R.A.) alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona akajua kuwa thamani yake ni kubwa zaidi, akamwendea mwenyewe na kumwongezea hadi ikafika dirhamu 800. Alipoulizwa alieleza kuwa alimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia heri kila Mwislamu. Hakudaiwa wala hakulazimishwa. Aliitekeleza ahadi yake.

Hapa ndipo tunapomgeukia muuza duka. Ni kweli kwamba maandishi ya risiti yake yanamlinda katika jambo hili. Hata hivyo, sheria yetu imefungua mlango uitwao iqaala, yaani kukubali kuvunja mauzo pale mnunuzi anapojuta. Imepokewa na Abu Daud na Ibn Majah kuwa mwenye kumkubalia Mwislamu kuvunja mauzo, Mwenyezi Mungu atamsamehe makosa yake Siku ya Kiyama. Katika madhehebu yetu ya Shafii, wakikubaliana hivyo, fedha hurudi kamili kwa bei ile ile ya awali, bila kupunguza wala kuzidisha. Vilevile anaweza kumpunguzia tu, naye mama akabaki na cherehani yake. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alisikia watu wawili wakigombana mlangoni, mmoja akimwomba mwenzake ampunguzie, na mwenzake akiapa kuwa hafanyi. Mtume alitoka na kuuliza yuko wapi huyo anayeapa kwa Mungu kutofanya jema. Mtu yule alirudi nyuma papo hapo, akamwachia mwenzake achague alitakalo.

Tahadhari pia iende kwa wanunuzi. Wapo wanaobuni kasoro isiyokuwepo ili warudishiwe fedha. Wapo wanaonunua kitu kipya kwa bei ya chini, kisha wakakirudisha kwa risiti ya zamani yenye bei ya juu. Huo ni udanganyifu, na fedha inayopatikana kwa njia hiyo haina baraka katika chakula cha watoto.

Ama muuzaji aliyedanganya, hukumu yake ni nyingine kabisa. Akiapa kuwa bei ile ndiyo bei ya soko hali anajua si kweli, au akificha ubovu wa mali, maandishi ya risiti hayamwokoi mbele ya Mola wake. Wapo wanazuoni, hasa wa madhehebu ya Hanbali, wanaompa hiari ya kuvunja mauzo mnunuzi asiyejua bei aliyepunjwa kupita kiasi. Na hata serikali imeweka Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye kumlinda mlaji dhidi ya hadaa.

Nasaha yetu kwa familia ni hii. Kabla ya kutoa fedha, ulizeni bei katika maduka mawili matatu, Majengo na hata Sabasaba. Kama mna wasiwasi, wekeni sharti la hiari, ambalo kwa Mashafii halizidi siku tatu. Mkishanunua na bei ikashuka, ombeni kwa adabu, wala msidai kama wadai deni. Nawe muuzaji, ukiombwa, kumbuka kuwa nawe una makosa yako utakayohitaji kusamehewa Siku ambayo hapana duka wala risiti.