Tuambiwe Maji Yakiisha

Kila shule na kila chuo hujivunia vitu vyake. Mgeni akija huzungushwa akaonyeshwa maabara, maktaba, bweni jipya na tanki kubwa lililopakwa rangi. Jiwe la ufunguzi nalo halikosi, limeandikwa jina la aliyekata utepe pamoja na tarehe. Ni vizuri, wala sina neno. Lakini kuna maswali ambayo mgeni haulizi, na sisi wenyeji tumeyazoea hata hatuyaoni. Je, maabara ile ina gesi leo? Tanki lile lina maji? Maktaba itafunguliwa saa ngapi Jumamosi? Na kama jibu ni hapana, nani atatuambia, atatuambia lini, na kwa lugha gani?

Kwa maoni yangu, huduma haijakamilika mpaka yule anayeitumia apewe habari zake: inafanya kazi au imeharibika, itatengenezwa lini, na kwa sasa afanye nini. Tanki bila habari ni nusu ya huduma. Na nusu hii iliyokosekana ndiyo rahisi kuliko zote, maana haihitaji saruji wala mkandarasi. Inahitaji karatasi, kalamu na mtu mkweli.

Hebu tuutazame ubao wetu wa matangazo. Uko pale karibu na ofisi, umefunikwa kioo na kufungwa kufuli. Ndani yake utakuta ratiba ya mtihani uliokwisha muhula jana, picha ya timu ya voliboli, na barua mbili tatu za Kiingereza zilizopigwa mhuri. Habari za maji, stima, chakula na zahanati hazimo. Hizo hupitia jikoni. Mwanafunzi huenda na kikombe chake akauliza, "Mama, leo chai iko?" Mama mpishi hujibu, "Maji hakuna, mwanangu. Nenda ukaulize huko ofisini." Ofisini mlango umefungwa, na kiranja naye ameambiwa na mlinzi, ambaye ameambiwa na dereva.

Sasa hapo ndipo uvumi hupata miguu. Saa nne utasikia eti pampu imeungua. Saa saba, eti shule ina deni na maji yamekatwa. Ikifika jioni, tayari kuna aliyesikia kwa masikio yake kwamba tunafunga shule Ijumaa! Wapo wanaoanza kufunga masanduku. Watahiniwa wa Kidato cha Nne, ambao kila saa ya maandalio kwao ni mali, huitumia saa hiyo wakibishana juu ya pampu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona.

Na hasara haiishii kwenye maneno. Kuna wanaoamka kabla ya mapambazuko kubeba jerikeni kwenda kutafuta maji nje ya geti, kwa kuwa hawajui kama mfereji utatoka asubuhi. Tukumbuke tunaishi wapi. Hapa Voi tumepakana na mbuga ya Tsavo, na ndovu naye kiangazi humtoa kwake kufuata maji kama sisi. Mtoto wa shule kukutana na ndovu gizani si mchezo. Kama tungeambiwa usiku kwamba maji yatarudi saa kumi na mbili, nani angetoka saa kumi? Kwa hiyo mtu asidhani nazungumzia karatasi tu. Tangazo la mistari mitatu laweza kuwa uhai wa mtu.

Mfano mzuri wa jambo hili hatuhitaji kuusafiria, kwani uko hapa hapa. Mraru iliwahi kujulikana hadi ng'ambo kwa sababu ya basi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akina mama wa Mraru walikuwa na shida ya kufika mjini Voi, kwenye soko na hospitali. Usafiri ulikuwapo, karani aliyeketi ofisini angeweza kuandika katika kitabu chake kwamba huduma ipo. Lakini gari lilipofika Mraru lilikuwa limeshajaa, na mama mwenye kikapu na mtoto mgongoni aliachwa kando ya barabara akila vumbi. Basi wakaunda kikundi, wakachanga haba na haba, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Faida ilipopatikana wakafungua na duka. Mwaka 1980 kijitabu kuhusu basi hilo, kilichoandikwa na Jill Kneerim, kilichapishwa New York ili wanawake wa nchi nyingine wajifunze.

Kwa kawaida tukisifu akina mama hawa tunasifu umoja wao, na ni haki. Ila mimi naona funzo lingine. Wao ndio waliojua kwamba huduma iliyoandikwa kuwa ipo haikuwapo. Hawakuhitaji ripoti, walikuwa wamesimama pale barabarani. Tena fikiria: mtu aliyechanga shilingi zake hawezi kukaa miezi bila kuuliza basi limebeba watu wangapi, gurudumu limenunuliwa kwa bei gani, na mbona leo halikupita. Mwenye mali huuliza, na anayemtunzia mali hiyo hana budi kumjibu. Sisi wanafunzi tunaambiwa kila siku, "Hii shule ni yenu." Haya, kama ni yetu, tujibiwe kama wenye basi.

Wengine watasema habari hizi ni za shule ndogo za vijijini, vyuo vikuu havina matatizo kama haya. La hasha! Mwezi wa Aprili 2017, Rais John Magufuli alifungua mabweni mapya katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840. Lilikuwa jambo la kushangiliwa, maana shida ya malazi pale ilikuwa kubwa. Lakini Desemba ya mwaka huo huo, picha za nyufa katika majengo hayo zilienea kote. Wakala wa Majengo Tanzania ukaeleza kwamba zile hazikuwa nyufa za kubomoka, bali ni nafasi zilizoachwa makusudi na mafundi ili jengo liweze kutanuka bila kupasuka. Mwanafunzi aliyesambaza picha akajikuta mikononi mwa polisi.

Mimi si fundi wa majengo, sitaamua nani alisema kweli kuhusu ukuta. Ninachouliza ni hiki: anayelala ndani ya jengo akiona mstari ukutani usiku, amuulize nani? Siku ya kuhamia, karatasi ikibandikwa kwenye kila mlango, "Mstari huu umeachwa makusudi, na ukiona umezidi upana huu mwone bwana fulani," hakuna atakayepoteza usingizi, wala hakuna atakayehitaji kupiga picha. Maelezo yale yale yakija baada ya kelele huonekana kama kisingizio, hata yakiwa ya kweli kabisa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba aliye karibu na ufa ndiye wa kwanza kuuona, kwa hiyo afundishwe kuutambua na aruhusiwe kuusema.

Jambo hili linatuhusu kuliko tunavyofikiri. Hapa kaunti yetu tuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichoanza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na kikapata hati yake mwaka 2016. Baadhi yetu tunaosoma ukurasa huu tutakwenda huko au vyuo vingine. Tutakaa mabweni, tutapanga foleni ya bwalo, tutangoja basi la chuo na kuazima vitabu. Mwanafunzi aliyezoea kutoambiwa lolote kwa miaka minne huko atakuwa wa aina mbili: ama atanyamaza hata paa likivuja juu ya kitanda chake, ama atanyamaza mpaka siku atakayookota jiwe. Aina zote mbili ni hasara.

Nikitaja jiwe najua walimu wangu waheshimiwa wanafikiria nini. Watasema, ukiwaambia wanafunzi kwamba maharagwe yamepungua, umewasha moto wewe mwenyewe. Hofu hiyo si ya bure. Nchi hii imeona mabweni yakichomwa katika shule nyingi, mwaka 2016 na tena 2021, na hakuna hoja duniani inayoweza kumtetea anayechoma mahali wenzake wanapolala. Lakini je, kunyamaza kumewahi kuzima moto? Mwanafunzi akiona sahani imepungua bila neno, moja kwa moja atasema chakula kimeibwa. Akiambiwa, "Lori la maharagwe limekwama, litafika Alhamisi, hadi hapo mtapata nusu na mwalimu mkuu atakula nusu vilevile," atanung'unika, naam, lakini atangoja Alhamisi. Tumbo huvumilia zaidi likijua siku.

Wapo pia wanaosema kutangaza upungufu ni kuiaibisha shule mbele ya wageni. Mficha maradhi kilio humfichua. Mzazi anayekuja siku ya kutembelewa huuona mfereji mkavu kwa macho yake. Kinachomvunjia imani si ukavu, kwa sababu kwake nyumbani pia mifereji hukauka. Sote twajua mabomba ya Mzima yanavyopita nchi yetu yakielekea Mombasa huku wengi wetu tukiendelea na mitungi. Kinachomvunjia imani ni kuuliza watu watatu na kupata majibu matatu.

Isitoshe, sheria yenyewe iko upande wetu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 43 kinataja haki ya maji safi ya kutosha. Na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu aliyeomba habari, na saa 48 ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Lakini ndugu zangu, maji yakikauka Jumatatu, nani atangoje siku 21? Sheria ni ya kutumiwa pale watu wameshindwa kuelewana. Sisi tunaoishi ua mmoja tusifikishane huko.

Hapo ndipo Chama chetu cha Kiswahili kinapoingia. Nimesema tangazo lina swali la tatu: kwa lugha gani? Tangazo la Kiingereza kizito humwacha nje mama mpishi, mlinzi wa usiku, na hata mwanafunzi mgeni ambaye bado anababaisha. Hawa ndio wanaofungua mifereji, kuwasha jenereta na kuchota maji! Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Basi kitoke kwenye mashairi ya siku ya wazazi kikafanye kazi ya siku za wiki.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tupewe ubao mmoja, usio na kioo wala kufuli, uwekwe kati ya bwalo na mabweni, uitwe Ubao wa Huduma. Pili, wanachama wawili washike zamu kila wiki. Kila jioni kabla ya maandalio wawaone bwana stoo, fundi wa mabomba, muuguzi na mwalimu wa maktaba, kisha waandike yale waliyoambiwa, mwalimu wa zamu akishayatia sahihi. Tatu, pembeni pawe na daftari lililofungwa kamba ambamo mtu yeyote, awe mwanafunzi au mfanyakazi, anaweza kuandika kilichoharibika. Na kila kilichoandikwa kijibiwe, hata kama jibu ni kwamba pesa hazijapatikana.

Tangazo lenyewe halihitaji ufundi. Liwe hivi:

"MAJI: Pampu imeharibika tangu jana jioni. Fundi anatoka Voi kesho saa tatu. Tanki la bweni la wasichana lina maji ya kunywa tu, msifulie. Asitoke mtu nje ya geti kutafuta maji kabla ya saa moja. Habari nyingine itabandikwa kesho saa saba, hata kama pampu haijapona."

Tazameni hayo maneno ya mwisho. Hayaahidi kwamba pampu itapona. Yanaahidi kwamba tutaambiwa. Ahadi hiyo iko ndani ya uwezo wa shule yoyote, iwe tajiri au maskini, na ikitimizwa mara kumi mfululizo uvumi utakosa pa kulala.

Gharama yake ni ubao, misumari, chaki na daftari moja. Mwalimu mlezi wa Chama akikubali, na bwana stoo akitupa ubao ule wa zamani ulioegeshwa nyuma ya karakana, tunaweza kuanza wiki ya kwanza ya muhula ujao. Wanaotaka kushika zamu ya kwanza wajiandikishe kwa katibu. Jina langu tayari limo.